Siku Enid Alipobaki Nje ya Geti

Ukitaka kumkasirisha Enid Ollershaw, mwambie tu kwamba mpira unaonekana vizuri zaidi kwenye televisheni. Utakoma. Fundi mmoja aliyekuja kumtengenezea bomba la jikoni alilitamka neno hilo bila kujua yuko kwa nani. Enid akaweka birika chini, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwuliza, "Na harusi yako nayo uliiangalia kwenye televisheni?" Fundi wa watu aliondoka bila hata kupewa biskuti.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye nywele nyeupe alizozikata mwenyewe mbele ya kioo, na ndiyo maana hazikulingana hata siku moja. Ujanani alifuma vitambaa katika kiwanda cha pamba cha Marsley, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza. Kelele za mitambo kule zilimfundisha kuongea kwa sauti ya juu na kusoma midomo ya watu kwa mbali, kwa hiyo ole wako ukimsengenya ukidhani hasikii. Kiwanda kilipofungwa akaenda kupakua chakula shuleni. Nusu ya mji ule imekula viazi vyake vya kuponda, na nusu hiyohiyo imewahi kukaripiwa naye kwa kuacha karoti kwenye sahani. Lakini hakuna aliyemtaja kwa kazi hizo. Ukiuliza Enid yupi, jibu ni moja: Enid wa basi.

Basi lenyewe lilikuwa la mashabiki wa Marsley Town, la kwenda mechi za ugenini. Enid ndiye aliyelisimamia. Nani kachelewa asingojewe, nani kalewa asipande, nani katukana mbele ya watoto akae karibu na choo mpaka waingie mjini. Yeye alikaa mbele, kiti cha dirishani. Kiti kile kilikuwa cha mumewe Clifford kwa miaka yote ya ndoa yao, na Clifford alipofariki Enid alikihamia siku ileile ya kwanza. Watu walipomtolea macho akasema, "Nini? Nilikuwa nakitaka tangu zamani, alikuwa ananinyima."

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo moyo wa habari hii. Enid hakuwahi kukosa mechi ya ugenini ya Marsley tangu Jumamosi moja ya ule mwaka wa mgao wa umeme, wakati Uingereza nzima ilipokuwa ikiwasha mishumaa na viwanda vinafanya kazi siku tatu kwa wiki. Alikuwa msichana bado. Clifford alimpeleka mji mmoja wa pwani ya mashariki, wakasimama kwenye jukwaa lisilo na paa, mvua ya upepo ikiwapiga usoni, Marsley ikafungwa manne. Bao la nne lilipoingia Clifford akamega pai yake akampa nusu, ile nusu yenye nyama. Kwa kijana wa Marsley hiyo ni posa, usimcheke. Walioana kabla msimu haujakwisha, na harusi ilipangwa siku ambayo timu inacheza nyumbani.

Clifford ndiye aliyetunga sheria. Mechi haihesabiki mpaka uwe ndani ya uwanja filimbi ya kwanza inapopigwa. Si ya pili, si baada ya bao, ya kwanza. Mwaka mmoja tairi la basi lilipasuka karibu na mji waendako, na hao mume na mke wakatimka mbio mtaani, Enid kashika viatu mkononi, soksi zimechanika, wakapenya getini refa akiwa ameshaweka filimbi mdomoni. Clifford alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Hata ujauzito haukumzuia Enid. Hata baridi ile iliyogandisha mto haikumzuia.

Na ugenini wa zamani ulikuwa raha, jamani, wacha watu waseme. Mabasi yaliondoka matatu, na Krismasi ikikaribia yalikuwa manne. Ulifika getini, ukatoa sarafu mfukoni, ukasukuma chuma kikazunguka, umeingia. Ulisimama na yeyote uliyemtaka. Kina mama walileta mikate yenye nyama na vitunguu ndani ya karatasi, ikapita kutoka mkono hadi mkono ikarudi tupu. Kiwanda kilipofungwa na mji ukabaki mikono mitupu, Enid na Clifford waliendelea kusafiri, kwa sababu kwenda kuangalia Marsley ikifungwa ilikuwa nafuu kuliko kukaa nyumbani na kuwasha hita. Hivi ndivyo alivyokuwa akisema, na hakuwa anatania.

Clifford alifariki Alhamisi moja ya majira ya kuchipua, kwa moyo. Jumamosi Enid akapanda basi. Midomo haina kazi, ikasema mwanamke huyu hana huzuni, hata maiti haijazikwa. Lakini Wilf Tattersall, postamasta mstaafu aliyekaa kiti cha nyuma yake na ambaye kazi yake kubwa maishani ilikuwa kumtania Enid, siku ile hakutania. Alisikia. Njia nzima, kwenda na kurudi, Enid alikuwa akiongea na dirisha kwa sauti ya chini, akimweleza mtu jinsi kipa alivyo mzembe.

Ndivyo ilivyokuwa kwake. Tangu mvua ile ya pwani ya mashariki, Enid aliona kama ni Jumamosi moja tu, ndefu, ambayo haijaisha, na Clifford bado yumo ndani yake, amekwenda tu kununua chai. Asipokosa, haitaisha. Akikosa mara moja, basi. Jambo hili hakumwambia mtu, ila Wilf alilijua, na wewe sasa unalijua.

Kisha neema ikashuka, na kama kawaida ya neema ikaja na mkia wake. Marsley ikapanda ligi kuu. Mji ulilia, mji ulicheza, padri alipiga kengele siku isiyo ya ibada. Msimu ukaanza, wakaona bei za tiketi za ugenini. Loo! Walivunja kucha zao zote kupanda juu, na kule juu wakakuta mlango umefungwa na mtu anataka kiingilio. Televisheni zilikuwa zikimwaga fedha kwenye ligi ile kama maji ya mvua, na bado klabu zikawa zinamkamua mama mpakua chakula. Kikulacho ki nguoni mwako. Mabasi matatu yakawa mawili, mawili yakawa moja, na hilo moja viti vya nyuma vikawa vimewekwa mabegi.

Enid aliviangalia viti vile kwenye kioo cha dereva. Beryl na binti zake watatu, waliokuwa wakiimba kwa sauti nne kama kwaya, hawakuja tena. Ndugu wa karakana ya magari hawakuja. "Waliokufa tumewazika," alimwambia Wilf siku moja, "tukawaimbia, tukala keki. Lakini hawa hawajafa, Wilf. Wako hai, wako makwao, Jumamosi saa tisa wanafua nguo."

"Wanaangalia kwenye televisheni," Wilf akasema.

"Nitakuzaba kofi."

Aliyelisema jambo kwa sauti alikuwa Shazia Malik. Shazia alikuwa muuguzi wa hospitali ya mji, binti wa dereva teksi, na alianza kupanda basi lile akiwa amekaa mapajani kwa baba yake. Enid ndiye aliyemfundisha nyimbo zote, na yale maneno yasiyoimbika mbele ya watoto alimfundisha alipofikisha umri. Mechi ya London ilipotangazwa, dhidi ya timu kubwa ambayo Marsley haikuwahi kuifunga kwao tangu Enid aanze kusafiri, tiketi moja ilikuwa inameza malipo ya zamu nzima ya usiku ya Shazia na bado inataka nauli. Akaitisha kikao kwenye klabu ya wafanyakazi, akasimama juu ya kiti.

"Nasema hivi," akaanza. "Tusinunue hata moja. Lakini tusibaki nyumbani pia, maana tukibaki nyumbani watasema hawakuuza kwa sababu hatupendi mpira. Twendeni London wote. Tusimame nje ya geti la wageni, mechi nzima, tuimbe. Ule upande wetu uwe mtupu. Televisheni ikigeuza kamera ione viti, viti, viti. Asionekane hata kichwa kimoja!"

Ukumbi ulipiga meza. Kisha kelele zikapungua taratibu, kila mtu akakumbuka, na macho yote yakamwendea Enid aliyekaa pembeni na glasi yake ya bia nyeusi.

"Bibi Enid," Shazia akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Wewe sikulazimishi. Wallahi sikulazimishi. Najua."

"Unajua nini?"

"Najua."

Enid akafuta povu mdomoni. "Hilo basi nitalipeleka mimi," akasema. "Lazima mtu alipeleke, mtapotea nyie. Hayo mengine nitayajua nikifika." Akaenda nyumbani, akasugua jiko ambalo halikuwa chafu, akalala na hasira ambayo hakujua ni ya nani.

Asubuhi ya safari alifika kituoni mapema kama kawaida yake, akakuta watu wamemtangulia. Alidhani ni msiba. Akaona Beryl, kanenepa, na binti zake watatu, mmoja sasa mama wa watoto. Akaona ndugu wa karakana wamevaa skafu zilizoliwa na nondo. Akaona watu ambao mara ya mwisho aliwaona kwenye mazishi ya Clifford. Maana safari hii hakukuwa na tiketi ya kununua, ilikuwa nauli ya basi tu, na nauli ya basi kila mtu aliimudu. Basi likajaa. Ikabidi mwenye mabasi apigiwe simu alete la pili, na lenyewe likajaa.

"Enid!" Beryl akaita. "Bado unatupanga kama watoto wa shule?"

"Bado unachelewa kama bibi harusi?" Enid akajibu, na alipogeuka kupanda ngazi Wilf aliona kwamba anajifuta macho na skafu.

Njia nzima ya kwenda kusini ilikuwa kama zamani. Mikate ya nyama na vitunguu ilipita, na safari hii sambusa za mama yake Shazia zilipita pia, zikaisha kabla hazijafika kiti cha sita. Binti za Beryl waliimba. Wilf alipotoa redio yake ndogo mfukoni akaijaribu, watu walimrukia.

"Zima hiyo!"

"Mzee, unatuchuria!"

Ni imani ya Marsley, usiulize ilianzia wapi. Redio ikiwashwa mechi ikiendelea, Marsley inafungwa. Kuna watu katika mji ule wamehama nyumba kwa sababu ya majirani wenye redio. Wilf akairudisha mfukoni, na ikakubaliwa kwamba simu pia zizimwe. Watasimama nje na watasikiliza kwa masikio yao. Mtu aliyekulia viwanjani hahitaji kuambiwa. Shuti likipita pembeni, umati unavuta pumzi. Kipa akidaka, wanapiga makofi ya kuchoka. Wenyeji wakifunga, ardhi inatetemeka. Wageni wakifunga, kona moja tu inapasuka.

Enid aliimba nyimbo zote, akala, akakaripia, akacheka. Lakini kila walipopita kibao cha London alitazama saa, na Wilf nyuma yake alijua anachohesabu.

Walisimama nje ya geti la wageni, barabara nyembamba kati ya ukuta wa uwanja na nyumba za matofali. Wauza soseji wa kule waliwashangaa, polisi wawili wa farasi wakawaangalia kwa uchovu, Shazia akatandaza kitambaa kikubwa walichokiandika kwa rangi ya nyumba: MPIRA BILA MASHABIKI NI NINI? Wakaanza kuimba. Ilibaki robo saa mechi ianze.

Hapo ndipo mlango mdogo ulipofunguliwa akatoka Bwana Fairclough, afisa wa klabu yao wenyewe ya Marsley, tai shingoni, akamtafuta Enid kwa macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikula viazi vyake vya kuponda, na karoti aliacha.

"Bi Ollershaw," akasema, akimvuta kando kidogo, ingawa Wilf na Shazia walisikia. "Mwenyekiti ameniagiza. Tunajua rekodi yako, klabu nzima inajua. Amekuachia kiti kule juu, kwa wageni wa heshima. Hulipi kitu. Upande ule kamera haifiki, picha ya wenzako haiharibiki. Hakuna atakayejua."

Enid akageuka. Akamtazama Wilf.

"Nenda," Wilf akasema. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Nenda, mwanamke, usinitolee macho. Sisi tutakuimbia kutoka huku."

"Kweli, Bibi Enid," Shazia akasema. "Hakuna atakayekulaumu. Mimi wa kwanza nitampiga atakayekulaumu."

Akaenda. Isifichwe, alikwenda. Alitembea na Fairclough hadi kwenye mlango mdogo, akaingiza mguu mmoja, na kupitia upenyo wa ngazi akaona kipande cha uwanja, kijani kile ambacho tangu usichana kilimkata pumzi kila alipokiona kwa mara ya kwanza siku ya mechi. Nyuma yake wale wa nje walikuwa wamenyamaza kwa adabu, wakingoja aingie ndipo waendelee kuimba. Kunyamaza kule ndiko kulikomshinda. Watu wote wale, Beryl na binti zake, ndugu wa karakana, wamerudi leo, na leo ndiyo siku yeye atawaacha?

"Bwana Fairclough," akasema. "Nikikaa kule juu, nitaimba na nani?"

"Kule juu huwa hawaimbi, Bi Ollershaw."

"Ndiyo maana yake."

Akautoa mguu wake. Akarudi polepole, akajipenyeza kati ya Wilf na Shazia, akaushika ule ukuta wa uwanja kwa mkono mmoja. Ndani kelele zikapanda, timu zinaingia, kisha zikatulia kama zinavyotulia siku zote, na filimbi ya kwanza ikapigwa. Ilisikika wazi kabisa, nyembamba, kutoka upande wa pili wa ukuta.

Enid alihisi kitu kimemtoka. Alisema baadaye kwamba maumivu yalifanana na ya siku ile ya Alhamisi, mahali palepale, na kwamba kwa dakika nzima hakumpenda mtu yeyote pale barabarani, hata Shazia, hata Mungu. Wilf akamshika mkono. Kwa miaka yote ya utani hakuwahi kumshika mkono. Enid akauacha ushikwe, kisha akapandisha kidevu juu akaanzisha wimbo kwa sauti yake ya kiwandani, na wale wengine wakaudaka.

Wakaimba kipindi chote cha kwanza. Kwa masikio walijua mambo yanavyokwenda. Wenyeji wanashambulia, wanakosa, wanaguna. Kipindi cha pili mvua ikaanza, ile mvua nyepesi ya London isiyo na nia. Wakaendelea. Na mechi ikiwa imebakiza muda mfupi, ndani ya uwanja pakatokea kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukisikia.

Kimya. Si mguno, si zomeazomea. Watu maelfu kwa maelfu, na kimya kama kanisani.

Wale wa nje wakakatiza wimbo katikati. Wakatazamana.

"Kuna mtu kaumia," Beryl akanong'ona.

"Kaumia vibaya," Wilf akasema. "Mpaka wanyamaze hivi? Mtu kaanguka, huyo. Moyo."

Neno moyo liliwapita wote, na waliomjua Clifford wakamtupia Enid jicho. Wilf akavua kofia yake. Ndugu wa karakana wakavua zao. Mmoja baada ya mwingine, mabasi mawili ya watu, vichwa vikalowa, skafu zikashikwa kifuani. Enid akaanza kumwombea mchezaji yeyote yule, wa timu yoyote. Polisi mmoja alipowaona hivyo naye akavua kofia yake, juu ya farasi.

Geti likafunguliwa kidogo, akatoka msimamizi mmoja wa uwanja, mtu mzima wa London mwenye koti la njano, na sigara isiyowashwa mdomoni. Alikuwa amewekwa alinde upande wa wageni, upande usio na wageni, na alikuwa amechoka kulinda viti. Akawaona wamesimama mvuani kofia mkononi. Sigara ikamwanguka.

"Nyie mna nini?" akauliza.

"Nani kafa?" Shazia akauliza.

"Nani kafa nini? Mmefunga!"

"Nani kafunga?"

"Nyie! Marsley! Kichwa, kona! Mfungaji wenu kakimbia mpaka upande wenu kushangilia, kafika pale kafungua mikono, hakuna mtu! Kasimama kama kapotea njia. Mimi nipo peke yangu pale, nifanye nini, ikabidi nimpungie mkono." Akatikisa kichwa. "Miaka yangu yote hapa sijaona kitu kibaya kama kile."

Kisha mtaa ule ulipasuka. Walirukiana, walianguka, binti za Beryl walimbusu polisi, farasi akarudi nyuma, Wilf akairusha kofia yake ikatua juu ya ukuta na mpaka leo iko huko. Waliimba mpaka filimbi ya mwisho na baada yake. Watu wa London walipotoka wamenuna walikuta wageni wanacheza mvuani, na mzee mmoja wao akasimama mbele ya Enid akamwambia, "Afadhali mngekuwa ndani mkatutukana. Kimya kile, mama, kilitutia baridi." Akaenda zake akitikisa kichwa.

Basi lilikwishatoka nje ya London ndipo Shazia alipokuja mbele. Macho yake yalikuwa yamevimba. Watu nyuma walikuwa wanaimba.

"Nimekunyang'anya, Bibi Enid," akasema. "Umesafiri maisha yako yote kuliona lile bao. Umekuja, ukalikosa kwa ajili ya mdomo wangu. Na rekodi yako pia nimekunyang'anya. Ile ya Mzee Clifford."

Enid alimvuta akae kando yake. Akaangalia mvua kwenye kioo.

"Mabao nimeona mengi, mwanangu," akasema. "Mazuri na ya aibu. Lakini sikuwahi kusikia tukikosekana. Wewe umewahi? Uwanja mzima ule wenye fedha zote zile, tumekosekana sisi tu, ukafanana na msiba. Wewe uliyesema bila sisi ni nini, sasa umesikia ni nini." Akavuta kamasi. "Na Clifford mwache. Clifford amekaa Jumamosi moja miaka chungu nzima, mtu wa watu atakuwa amechoka. Mwache naye akapumzike."

Kisha akalia, kwa sauti, bila kuficha uso, kilio ambacho Alhamisi ile hakukilia. Shazia akamkumbatia mpaka wakafika kwenye taa za miji ya kaskazini.

Bei hazikushuka msimu ule. Magazeti yaliandika, wakubwa wakaahidi kulitazama, unajua wakubwa wanavyotazama. Lakini wiki mbili baadaye Marsley ilikuwa na safari ya mji wa karibu, tiketi za kawaida, na Enid alikuwa kituoni mapema akiwapanga watu. Akapanda mgeni mmoja, mwanamke aliyehamia Marsley mwaka ule, amevaa skafu mpya yenye mikunjo ya dukani. Akakaa karibu na Enid, akaona heshima anayopewa, akamwuliza kwa woga kama mtu anayeuliza umri.

"Samahani, mama. Hii kwako ni mechi ya ugenini ya ngapi?"

Wilf akainamia kamba za viatu vyake.

Enid akafikiri kidogo, akaiweka vizuri chupa ya chai mapajani.

"Ya kwanza," akasema. "Na wewe?"

"Na mimi pia."

"Basi sogea huku," Enid akamwambia, akauinua mkoba wake kutoka kiti cha kando yake, "tuhesabu pamoja."